Pulga Anamkataa Mzee

Fimbo aliyopewa mume wangu hospitalini ilikuwa na miguu minne midogo yenye raba nyeusi, na Anselmo alipoiona aliuliza, "Hii ni fimbo au ni stuli?" Hakuishika hata mara moja. Niliisimamisha kwenye mlango wa banda la kuku, ikawa inauzuia usipigwepigwe na upepo, na kwa kazi hiyo ilifaa sana.

Kiharusi kilimpiga mwezi wa nne, wakati majani ya miti ya uani yanapukutika. Kilichukua upande wake wa kulia. Mkono ukawa unaning'inia kama soksi iliyoloa, mguu ukawa wa kukokota. Maneno yalirudi polepole, lakini matusi yalirudi yote kwa mkupuo, ndipo nikajua kichwa ni kizima. Daktari alituambia mengi, ila la maana lilikuwa moja: huyu mzee atembee kila siku, la sivyo mguu utasahau kazi yake. Na Anselmo, mtu aliyefundisha farasi wa mashamba yote ya upande wetu tangu hajaota ndevu, akakaa kwenye kiti cha jikoni akalitazama jiko la kuni.

Binti yetu Mirta anakaa mjini Tandil, anauza katika duka la dawa. Ana moyo mwema na haraka nyingi.

"Mama, hapa mko peke yenu," aliniambia. "Akianguka utamwinua wewe?"

"Nitamwita Crespín."

"Crespín yuko ng'ambo ya kijito! Mpaka afike baba atakuwa ameota uyoga."

Basi tukapatana, mezani, mbele ya baba yake. Mirta angerudi sikukuu ya Santa Rosa, mwisho wa mwezi wa nane, baridi ya kwetu inapokaribia kwisha. Siku hiyo baba yake akiweza kutembea kwa miguu yake kutoka mlango wa jikoni mpaka lango la barabarani na kurudi, tutabaki nyumbani kwetu. Asipoweza, Mirta atakuja na lori, achukue kitanda, kabati na sisi wenyewe, atupeleke ghorofani karibu naye, kwenye lifti na joto la gesi.

"Huko ghorofani farasi unamfunga wapi?" Anselmo aliuliza.

Mirta aliondoka, na Anselmo akaendelea kulitazama jiko.

Kila asubuhi nilimwambia, twende mzee, mpaka kisimani tu. Kila asubuhi aliniambia kesho. Halafu siku moja nikiwa namwosha mguu, akasema kama anayesema na beseni: "Ningekuwa na farasi kando yangu ningekwenda. Mtu hatembei na stuli, Otilia. Mtu anatembea na farasi."

Farasi wetu wakubwa tulikwisha kuwagawa, na hata wangekuwepo, farasi mkubwa akigeuza kichwa tu angemlaza chini. Nililifikiria jambo hilo nikikanda mkate, nikalifikiria nikikamua ng'ombe, na jibu likaja pale pale kwenye ndoo: wale farasi wadogo wa kule anakofanya kazi Crespín.

Crespín ni msimamizi kwa tajiri mmoja anayefuga farasi wadogo, wale wasiozidi urefu wa meza, wanaonunuliwa na watu wa mbali kwa ajili ya watoto wao. Nilimtumia salamu, naye akaja na mtamba mmoja amempakia nyuma ya gari lake, pamoja na magunia ya mahindi. Mtamba huyo alikuwa na rangi ya maziwa yaliyomwagiwa kahawa, na nywele zimemfunika uso mpaka puani.

"Huyu taya limepinda kidogo, Doña Otilia," alisema. "Tajiri hamtaki kwenye picha. Mchukue. Ila nikuonye, amedekezwa."

"Amedekezwa vipi?"

Kabla hajanijibu, mtamba aliinuka kwa miguu ya nyuma akaniwekea kwato mbili kifuani, akaanza kunitafuta sukari kwenye mfuko wa aproni.

"Hivyo," alisema Crespín.

Anselmo alichungulia dirishani. "Mbuzi gani huyo?" aliuliza. Nilipomwambia ni farasi alicheka kwa upande wa mdomo unaocheka. Nikampa mtamba jina la Pulga, ndiyo kusema kiroboto, kwa jinsi alivyoruka.

Sasa, mimi sijawahi kuitwa mfundisha farasi. Lakini tangu niolewe nimesimama kwenye ua wa zizi na nguo mbichi mikononi, nikimtazama Anselmo akifundisha, na jicho halikosi kuokota. Kosa la watu kwa hawa wadogo ni kuwafanya kama mbwa. Farasi mkubwa akikukanyaga unapiga kelele. Mdogo akikukanyaga unacheka, naye anadhani ameimba. Kwa hiyo nilianza na jambo la nafasi. Pulga akinisogelea mwilini nilitanua viwiko, nikajifanya mnene kama mlango, nikasimama. Sikumpiga wala kumfokea. Alijigonga kwenye kiwiko, akashangaa, akarudi nyuma, na hapo nikamsifu. Sukari ilikwisha siku ile ile aliyofika.

Kisha kamba. Ukimvuta, naye anavuta, na ana nguvu, usidanganywe na kimo. Unaikaza kidogo tu, unangoja. Unaweza kungoja mpaka chai ipoe. Mwisho anachoka kubisha, anainua kwato moja kuja kwako, na papo hapo unalegeza. Ukichelewa kulegeza umepoteza kila kitu. Nilimfundisha kusimama ninaposimama, kurudi nyuma nikitikisa kamba, kutoa miguu nichokoe matope kwenye kwato, kutong'ata mkono wa sweta, kutopora majani njiani. Nilimzoesha gunia linalopeperushwa na upepo, beseni linaloanguka, bata mzinga wangu mwenye kiburi. Mwanzo wa baridi mpaka katikati yake nilifanya hivyo kila siku, theluji nyembamba ya asubuhi ikivunjika chini ya viatu vyangu kama maganda ya mayai.

Na nilisimama begani mwake kushoto, kama Anselmo alivyosimama, kama baba yake Anselmo, kama kila mtu niliyewahi kumwona. Kwetu hatamu inafungwa kutoka kushoto, tandiko linapanda kutoka kushoto, na hata lango la zizi limetiwa bawaba za kumfaa mtu anayetoka na farasi kwenye mkono wake wa kulia. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nani anafikiria mlango unafungukia wapi?

Siku ya jua kali na upepo kidogo nikaona yuko tayari. Pulga alitembea nami akilegeza kichwa, polepole, hatua kwa hatua, kama anayesindikiza maiti. Nikaingia jikoni.

"Mzee, farasi wako anakungoja."

"Mbuzi wangu."

"Basi mbuzi wako anakungoja."

Kisha akaomba suruali yake pana ya kazi, viatu vya kamba na bereti. Alipofika mlangoni alikuwa amejinyoosha, na nilipomwona vile nilitazama pembeni, nikajifanya napangusa kizingiti.

Nilimshika Pulga. Anselmo akaja, akiukokota mguu, akasimama kando yake, akanyoosha mkono wake mzima auweke mgongoni. Pulga akageuza jicho. Sijawahi kuona jicho jeupe kiasi kile. Alirukia pembeni, akanisukuma mimi, kamba ikaniponyoka, na Anselmo akayumba akaukumbatia mti wa kuanikia nguo. Hakuanguka. Mtamba alikimbia mpaka nyuma ya nyumba na kamba ikimfuata.

"Ameshtuka tu," nilisema.

"Nimeona," alisema Anselmo.

Nilimfuata Pulga nikamkamata. Alitembea nami kurudi mpole kama mkate. Sikuelewa. Nikamrudisha kwa Anselmo. Safari hii hata kuguswa hakungoja, alijirusha kinyumenyume mpaka akakalia ndoo. Anselmo akarudi ndani, na suruali ile pana akaivua mwenyewe kwa mkono mmoja, hakutaka nimsaidie.

Hapo ndipo ulipoanza ule mchanganyiko wa akili. Nilimtazama Pulga, Pulga akanitazama, na hakuna aliyekuwa na maelezo. Yule yule, uwanja ule ule, saa ile ile. Na mimi malaika, na mzee shetani. Nikasema ni harufu. Anselmo anachuliwa mguu kwa dawa ya kafuri inayotoa machozi. Nikajipaka dawa ile mikononi na shingoni. Pulga alinusa, akapiga chafya, akatembea nami. Nikasema ni kofia. Nikavaa bereti. Akatembea nami. Nikasema basi ni kule kukokota mguu, maana mnyama anaogopa mwendo asioujua. Nikavaa nguo zote za mzee, na koti lake la mvua juu, nikaukokota mguu wangu uwanjani, mkono mmoja nimeulegeza ukining'inia. Nilioulegeza ulikuwa wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulishika kamba. Pulga akanifuata, akisimama ninaposimama, naye karibu akokote mguu kwa adabu.

Crespín alinikuta hivyo hivyo, amekuja na farasi wake mkubwa kuniletea unga.

"Doña Otilia! Kanivali ilikwisha mwezi wa pili!"

"Shuka ucheke ukiwa chini, utaanguka."

"Na hizo ndevu umeziacha wapi?"

Nilimweleza. Alishuka, akavua kofia, akajikuna. Crespín anajua farasi, lakini alipomwita Anselmo dirishani wajaribu mbele yake, na Anselmo akaja kwa shingo ngumu, na Pulga akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, Crespín naye alibaki mdomo wazi.

"Mpe Don Anselmo sukari ampe," alisema.

"Sukari ndiyo iliyomharibu."

"Basi mchape kidogo."

"Nikuchape wewe kwanza tuone kama utampenda mtu."

Anselmo alikuwa ameshika nguzo ya ua. Alisema taratibu, kwa sababu maneno yake sasa yanatoka moja moja, "Mwacheni mnyama. Hana kosa. Miaka yote nimewaambia watu kwamba farasi anamjua mtu aliyekwisha. Mnakumbuka? Nilikuwa nasema kwa majivuno. Sasa ameniambia mimi."

"Don Anselmo, huyo hata si farasi sawasawa," alisema Crespín.

"Kwa hili ni farasi."

Aliingia ndani akakigeuza kiti, kikatazama ukuta badala ya jiko. Mchana nilipika nyama ya mifupa na malenge na mahindi, anavyopenda, na uboho nikamtolea juu ya mkate. Hakula. Jioni aliniambia, "Mpigie Mirta simu. Aje na lori, asingoje Santa Rosa."

Nikasema simu haina chaji. Ilikuwa nayo.

Siku zile nilimtazama Anselmo akiutazama ukuta, na mguu ule ukizidi kuwa mzito. Sasa hata kwenda chooni alinishika bega. Nilikwenda zizini nikasimama mbele ya Pulga nikamwuliza wazi, "Wewe umemwona nini?" Alinipumulia usoni, pumzi ya majani makavu. Nilifikiria kumrudisha kwa Crespín. Nilifikiria labda kweli, labda wanajua, labda ameona kitu juu ya mume wangu ambacho mimi na daktari hatukioni, na nikirudi ndani nilikuwa namtazama Anselmo anavyopumua. Mtu akichanganyikiwa anaamini chochote.

Dhoruba ya Santa Rosa, inayotujia kila mwaka siku za sikukuu hiyo, haikungoja siku yake. Ilikuja mapema, na upepo wa kusini ulioangusha matawi ya mikalitusi njiani. Kwetu mvua ikinyesha tunakaanga maandazi, kwa hiyo nilikuwa nimeshakanda unga, ndipo nikakumbuka Pulga yuko nje. Nilijifunika gunia kichwani nikatoka. Mkononi nilibeba na ndoo ya makombo ya kuku, nisiende bure.

Njia ya kati ya ua na mtaro ni nyembamba, na tawi kubwa lilikuwa limeanguka upande wa kushoto, ninakopita siku zote. Kwa hiyo nikapita upande wa pili. Ndoo mkono wa kulia, kamba nikaichukua kwa kushoto, nikasimama begani mwake kulia, nikasema twende.

Pulga akageuza lile jicho jeupe.

Aliruka. Alinikanyaga mguu kwa kwato iliyojaa tope, akanisukuma kwenye ua, makombo yakamwagika, ndoo ikabiringika mtaroni. Nikapiga kelele, "Pulga! Ni mimi!" Alitetemeka akinitazama kama mtu asiyewahi kuniona tangu azaliwe. Mimi! Niliyemchokoa kwato majira yote ya baridi!

Nikazunguka mbele yake, kwa kuchechemea, nikaenda kushoto kwa kupanda juu ya lile tawi. Jicho likatulia. Akashusha kichwa, akaninusa mfukoni. Nikarudi kulia: akaruka. Nikaenda kushoto: malaika. Nilimzunguka mtamba yule kwenye mvua kama aliyedondosha pete, gunia limeniangukia mabegani, na kila nilipozunguka nilielewa kidogo na kuchanganyikiwa kidogo. Mtamba mmoja, macho mawili, na kila jicho na mambo yake. La kushoto nimelifundisha. La kulia halijawahi kwenda shule.

Halafu nikaona Anselmo alivyosimama siku ile. Mkono wake wa kulia umekufa. Wa kushika nao ni wa kushoto. Mtu wa kushika kwa mkono wa kushoto anasimama wapi? Anasimama kulia kwa farasi. Hana mahali pengine.

Nilimfunga Pulga kwenye kibaraza, nikaingia jikoni na tope lote.

"Mzee, amenikanyaga!"

"Nani?"

"Pulga! Amenikataa! Amenisukuma kwenye ua, amenimwagia ndoo, mguu tazama, kidole kimekuwa zambarau!"

Anselmo aligeuza shingo kutoka ukutani. "Na ndiyo unacheka?"

"Nacheka, ndiyo! Si wewe! Ni upande! Nikisimama kulia hanijui, hanijui kabisa, kama aliyeona mchawi. Si wewe anayekukataa, mzee, anakataa upande!"

Nilisikia mafuta yakichemka, nikayatoa motoni, nikamgeukia tena. Uso wake ulikuwa unafanya kazi.

"Upande wa kulia hukumgusa?" aliuliza.

"Sikumgusa."

"Hata kwa brashi?"

"Brashi nilimpitishia. Lakini nikiwa kushoto. Ni mfupi, Anselmo. Nanyoosha mkono juu ya mgongo nafika tumboni upande wa pili."

"Na kwato za kulia?"

"Hivyo hivyo. Nainama tu napitisha mkono chini ya tumbo."

Aliuegemeza mkono mzima mezani. "Farasi mkubwa anakulazimisha uzunguke," alisema, polepole. "Ukitaka kukaza mkanda, unazunguka. Ukitaka kwato, unazunguka. Anakuona kwa jicho hili na kwa jicho lile, hujui hata kama unamfundisha. Huyu hakukulazimisha." Akanikodolea macho. "Otilia! Umenilelea nusu farasi! Nusu imesoma, nusu ya porini!"

"Na wewe ulikuwa dirishani unatazama nini? Mfundisha farasi mkubwa!"

"Nilikuwa natazama mbuzi! Sikumtazama kama farasi!" Na akatukana, tusi refu, la zamani, lile alilokuwa akiwatukana farasi wabishi, na halikukatika hata mahali pamoja. "Niletee bereti."

"Kuna mvua."

"Kwani mimi ni sukari?"

Siku ile nilimshawishi ale maandazi kwanza. Lakini kesho yake, ambayo ndiyo ilikuwa Santa Rosa yenyewe, manyunyu yakiendelea, alikuwa amesimama nje kabla sijawasha jiko. Aliuegemeza mgongo kwenye tanuri la udongo, lile la mkate, ili lisimame kwa niaba ya mguu wake. Mimi nikawa kushoto kwa Pulga na kamba, yeye kulia. Alinyoosha mkono, akamgusa begani kwa mgongo wa vidole, akautoa mara moja, kabla mtamba hajapata muda wa kuogopa. Akagusa, akatoa. Akagusa, akatoa. Akimsemesha chini kwa chini maneno ambayo sitayaandika, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Ngozi ya Pulga ilitetemeka kama anayefukuza nzi. Baadaye ikatetemeka kidogo tu. Nilimwambia Anselmo apumzike, akasema nisivute kamba. Nikamwambia mguu, akasema mguu gani.

Tuko katika hali hiyo lori likaingia langoni.

Mirta alishuka na koti la mvua na viatu vya mjini. Nyuma ya lori kulikuwa na turubai na kamba za kufungia vyombo. Alitutazama, kisha akamtazama Pulga, kisha tena baba yake.

"Baba. Unafanya nini kwenye mvua?"

"Nafanya kazi. Ongea polepole, kuna mwanafunzi."

"Tulikubaliana jambo. Kutoka mlangoni mpaka langoni na kurudi."

"Nakumbuka."

"Sasa?"

"Sasa lango liko pale. Halijahama." Aligusa, akatoa. "Huyu hayuko tayari."

"Tulikubaliana juu yako, baba, si juu ya huyo!"

"Mimi sendi bila yeye, na yeye haendi leo. Jana upande huu alikuwa hajawahi kuona mtu."

Mirta akanigeukia. "Mama, nieleze. Ametembea au hajatembea?"

"Sijui, mwanangu. Langoni hajafika. Lakini amesimama hapo tangu kuku hawajafunguliwa."

"Amesimama? Peke yake?"

"Na tanuri."

Maji yalikuwa yanamtiririka Mirta puani. Nilimwonea huruma, kwa sababu alikuja akijua alichokuja kufanya, na sasa amekuta jambo lisilo na jina. Anselmo hakumpa nafasi.

"Shika wewe kamba. Mama yako amechoka, anavuta. Simama kushoto, kama nilivyokufundisha. Usimtazame machoni."

Na yule binti, mwenye lori la watu na haraka zake zote, alitia ufunguo mfukoni, akaja na viatu vyake vya mjini kwenye tope, akachukua kamba kwa mkono wa kulia, akashusha mabega. Alikuwa hajasahau. Anselmo aliuweka mkono kwenye nywele za shingo ya Pulga, na safari hii hakuutoa. Pulga akasimamisha masikio. Tukangoja wote wanne. Kisha Anselmo akautoa mgongo wake kwenye tanuri.

Walikwenda. Mirta kushoto, mtamba katikati, mzee kulia, mguu ukichora mstari kwenye tope. Hakumwegemea, alimgusa tu, vidole ndani ya nywele. Pulga alikuwa anatembea kama anayekanyaga mayai, jicho lile la kulia limemgeukia Anselmo muda wote, lakini alitembea. Walipofika kwenye birika la kunyweshea ng'ombe Anselmo alisimama, na Pulga akasimama.

"Basi," alisema Anselmo. "Leo basi."

"Baba, lango ni lile pale!" Mirta alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, sasa ni yeye aliyekuwa akimbembeleza. "Umeshafika nusu. Malizia, tuache mabishano. Twende!"

"Hapana."

"Lakini ndiyo mapatano! Ukifika tu, mmebaki!"

"Nikimpeleka mpaka barabarani, lori la maziwa litapita, atashtuka, na kesho hataniruhusu hata nimguse. Nimeharibu farasi kwa ajili ya kubishana na binti yangu. Sijawahi kufanya hivyo, na kwa mbuzi huyu sitaanza." Akamkuna Pulga shingoni. "Tunarudi. Mgeuze taratibu."

Walirudi. Mirta alikuwa analia au ni mvua, sikutaka kuuliza. Jikoni nilikaanga maandazi upya, nikamwagia sukari, nikajaza maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, chai yetu chungu, tukapokezana mrija. Anselmo alikula maandazi mpaka Mirta akahamisha sahani. Hakuna aliyetaja lango. Nilizungusha kibuyu na kuzungusha, nikingoja mmoja wao aseme, na kila mmoja alizungumzia mvua.

Mwisho sikuvumilia. "Mirta, tunakwenda au tunabaki? Niambie, nijue kama nifunge vyombo."

"Mama, usiniulize, hata mimi sielewi." Alijipangusa vidole. "Hajatimiza. Ametembea lakini hajatimiza. Na angetimiza angekuwa amefanya vibaya. Hivi mtu anapanga kitu gani na nyinyi?" Akamtazama baba yake. "Itachukua muda gani, huyo kufika langoni?"

"Mwulize yeye."

"Baba!"

"Kweli, sijui. Upande wa kulia ni wa polepole zaidi, kwa sababu umeachwa." Alinitupia jicho. Nikajifanya nachochea moto.

Mirta akasimama akachukua simu, akaenda nayo kwenye kona ya dirisha ambako ndiko inakoshika, na nikamsikia akimwambia mwenye ile nyumba ya ghorofa ampangishe mtu mwingine. Halafu akavaa koti. "Jumapili nitakuja kushika kamba," alisema. "Na nyingine pia. Lori naenda kulirudisha. Lakini akianguka, mama, akianguka hata mara moja..."

"Nitakupigia."

"Simu yako iwe na chaji."

Alipoondoka, turubai likipigapiga juu ya lori tupu, nilibaki kibarazani nimeshika kitambaa cha vyombo. Sikujua kama nifurahi. Sikujua tumeshinda au tumeahirisha, na nilipomwuliza Anselmo aliniambia niache kusimama bure, mtamba ana tope mwilini, nimchukulie brashi.

"Na uzunguke," alisema. "Usinyooshe mkono. Uzunguke kwa miguu yako."

Nikazunguka. Pulga akanifuatilia kwa lile jicho la kulia, akarudi nyuma hatua, kamba ikakazika kwenye nguzo ya kibaraza. Kidole changu kilikuwa bado kinapwita. Nikasimama na brashi mkononi, kando yake, bila kumgusa, nikangoja.